Steven Kanumba na Kicheko cha Wasomi: Historia Fupi ya Mwigizaji na Lugha Zake

Utangulizi

Muulize Mtanzania yeyote mwenye umri wa kutosha habari za Steven Kanumba, naye atakueleza alivyokufa. Atakutajia siku, nyumba, kesi na hukumu. Kisha muulize Kanumba aliigizaje; alisimamaje mbele ya kamera, alitumia Kiswahili cha namna gani, aliathiriwa na nani. Hapo utaona mtu anakuna kichwa. Hali hii si ya mtu wa mtaani peke yake. Sisi wanafunzi wa fasihi, ambao kazi yetu ni kuhakiki, tumemwachia mwigizaji huyu waandishi wa magazeti ya udaku, nasi tukaendelea kuchambua tamthiliya zilezile tulizochambuliwa na walimu wetu.

Makala haya yana nia mbili. Kwanza, yanaeleza kwa ufupi maisha na kazi ya Kanumba yakiihusisha na historia ya maigizo ya skrini katika nchi yetu. Pili, yanajadili suala la lugha. Hoja yetu ya msingi ni kwamba Kanumba alijenga hadhira yake kwa Kiswahili, akatafuta jina kwa Kiingereza, na wasomi wakamhukumu kwa kile Kiingereza bila kukisikiliza kile Kiswahili. Kicheko kile kinatueleza mambo mengi kuhusu sisi kuliko kuhusu yeye.

Kabla ya Kanumba

Ni kosa kudhani kwamba uigizaji wa filamu hapa kwetu ulianza na maduka ya kaseti ya Kariakoo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Mmojawapo wa waigizaji wa filamu hizo alikuwa kijana Rashidi Kawawa, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu. Mwaka 1962 kijana huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo, pale tunapowasikia wazee wakisema kuwa uigizaji ni kazi ya wahuni walioshindwa shule, tuwakumbushe, kwa adabu, kwamba mmoja wa waigizaji wetu wa mwanzo aliongoza serikali.

Baada ya uhuru dola yenyewe ilijitwisha jukumu la filamu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 na 1980 zikatoka kazi kama Fimbo ya Mnyonge, Arusi ya Mariamu na Yomba Yomba. Zilikuwa filamu chache, zenye ujumbe, na mara nyingi zilitegemea fedha na mitambo ya umma au ya wafadhili. Wakati huohuo jukwaani kina Ebrahim Hussein na Penina Muhando walikuwa wakiandika tamthiliya ambazo hadi leo ndizo tunazotahiniwa. Penina Muhando aliandika tamthiliya zake kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu alitaka zieleweke kwa watu anaowaandikia. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilibidi tusubiri hadi 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha matangazo. Vituo hivyo vilihitaji michezo ya kuigiza, na vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vikapata pa kutokea. Huko Nigeria nako, mwaka 1992, filamu ya Living in Bondage ilikuwa imeonyesha kwamba mtu anaweza kupiga picha kwa kamera ya video, akauza kanda mkononi kwa mkononi, na akapata faida bila ukumbi wa sinema wala ruzuku ya serikali. Habari hiyo ilifika kwetu kupitia kanda zenyewe. Kufikia mwaka 2003, ilipotoka Girlfriend ya George Tyson, njia ilikuwa imefunguka. Kilichokosekana ni sura ambayo watu wangeifuata kutoka kanda moja hadi nyingine.

Kutoka Shinyanga hadi Kaole

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma shule ya msingi Bugoyi, kisha sekondari ya Mwadui, kule kwenye mgodi wa almasi, kabla ya kuhamia Dar es Salaam ambako aliendelea na masomo katika Dar Christian Seminary na baadaye Jitegemee. Ni safari inayofahamika kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa: unaondoka na begi moja kwenda mjini kusoma, na mji unakufundisha mengine.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group. Kundi hili lilikuwa likitengeneza michezo ya televisheni iliyorushwa na ITV, na watazamaji walimwona Kanumba katika michezo kama Jahazi na Dira. Kwa mhakiki, Kaole ina umuhimu wa pekee. Kazi yake ilikuwa karibu zaidi na ngano kuliko tamthiliya ya kuandikwa. Kisa kilipangwa, waigizaji wakagawiwa nafasi zao, na maneno mengi wakayatunga wenyewe papo hapo. Mwigizaji wa namna hiyo hakariri maneno ya mtunzi. Yeye mwenyewe ni mtunzi mwenza. Tunapowasifu wasimulizi wa hadithi wa vijijini kwa ufundi huohuo, kisha tukawadharau waigizaji wa Kaole eti hawakuwa na miswada, tunajipinga wenyewe.

Kaole iliwatoa wengi, wakiwamo Vincent Kigosi aliyejulikana kama Ray na Blandina Chagula aliyejulikana kama Johari. Lakini Kanumba ndiye aliyevuka mipaka mapema. Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, iliyotayarishwa na Mtitu Game na kuongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, ambamo Kanumba aliigiza pamoja na Mercy Johnson. Ilikuwa kazi iliyochanganya Kiswahili na Kiingereza. Ikafuata She Is My Sister pamoja na Nkiru Sylvanus. Mwaka 2008 ikatoka Oprah, akiwa na Ray na Irene Uwoya. Baadaye alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Films, na zikaja kazi kama Uncle JJ, iliyowapa watoto nafasi kubwa, na Devil Kingdom ya mwaka 2011 ambayo alicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria.

Katika muda wa miaka kumi tu kijana huyu alikuwa mwigizaji, mwongozaji, mtayarishaji na mwenye kampuni. Usambazaji wa filamu wakati huo ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache, na msanii mara nyingi aliuza kazi yake kwa mkupuo, basi, yaliyobaki hayamhusu. Kuanzisha kampuni lilikuwa jaribio la kutoka kwenye hali ya kibarua. Kama kweli tunajali uhusiano wa msanii na zao la jasho lake, hapa kuna mfano ulio hai.

Kanumba katika banda la video

Ili kumwelewa mwigizaji huyu, haitoshi kuangalia alikotengenezea filamu. Lazima tuangalie zilikoangaliwa. Hapa nitatumia mfano wa nyumbani, yaani Guta, kata iliyo ufukweni mwa Ghuba ya Speke, wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Ukitoka Bunda mjini, pale kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, unashuka kuelekea ziwani. Watu wake wanavua, wanalima, na wanasema lugha nyingi: Kijita, Kisukuma, Kikerewe, Kijaluo na nyinginezo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Tulipokuwa watoto, ukumbi wa sinema ulikuwa banda la video: mabati, viti vya mbao visivyo na egemeo, televisheni moja juu ya meza, jenereta nje. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo hupumzika. Basi usiku wa mbalamwezi ndio uliokuwa wa banda. Filamu za kigeni, za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, zilikuja zikiwa zimetafsiriwa na watu kama Lufufu, ambao sauti zao zilikuwa juu ya sauti za wahusika. Tukacheka zaidi kwa maneno ya mfasiri kuliko kwa yale yaliyotendeka. Mfasiri alikuwa fanani kamili.

Ilipowekwa filamu ya Kanumba, mfasiri hakuhitajika. Kwa mara ya kwanza stelingi alizungumza mwenyewe. Jambo hili linaonekana dogo kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam. Kwa mvuvi wa Guta lilikuwa badiliko la uhusiano wake na skrini. Mtu aliyekuwa akisubiri kuelezwa sasa alijibu. Kinamama walimkanya mhusika kwa sauti: "Usimwamini huyo, baba!" Vijana walibishana juu ya mahari, urithi, mama mkwe na uchawi, kwa sababu mambo hayo walikuwa nayo nyumbani. Wanaojua fasihi simulizi watatambua hapa kitu tunachofundishwa kila mwaka: hadhira inayoshiriki. Tumekuwa tukikitafuta kwenye vigoda vya mababu, kumbe kilikuwa ndani ya banda la mabati kwa kiingilio cha sarafu.

Kuna upande wa pili pia. Mhusika alipohamia kwenye Kiingereza, banda lilinyamaza. Kisha mtu angeuliza, "Amesemaje?" na kijana yeyote aliyefika kidato cha nne aligeuzwa mkalimani, hata kama naye alikuwa akibahatisha. Anwani za filamu nazo zilikuwa za Kiingereza. Uncle JJ ikawa Anko Jeijei, ikakubalika. Nyingine zilitajwa tu kwa picha ya kasha: "tuwekee ile Kanumba amevaa suti nyeupe." Watu waliokuwa wateja wake waaminifu walilazimika kununua kwa jina wasilolielewa.

Kicheko cha 2009

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kuwa mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa nchini Afrika Kusini. Bara zima likamsikia akizungumza Kiingereza, na Kiingereza kile hakikuwa kizuri. Kicheko kilichofuata hapa nyumbani kilikuwa kikubwa. Magazeti yaliandika, watu wa mitandaoni wakaandika, watu ofisini wakaiga matamshi yake. Ametuaibisha, walisema. Waliosema hivyo kwa nguvu zaidi walikuwa watu waliosoma.

Tujiulize: huyu alikuwa nani hata akatuaibisha? Alikuwa zao la shule zetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa Tanzania katika shule ya serikali husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu, bayolojia na historia zimehamia kwenye Kiingereza, mara moja, kama mtu aliyeamka na kukuta nyumba imehamishwa. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985. Serikali haikukubali. Kanumba alizaliwa Januari 1984. Alipokuwa na mwaka mmoja, lile pendekezo ambalo lingemhusu yeye na kizazi chake lilikuwa limekwisha kuwekwa kabatini.

Kwa hiyo Kiingereza cha Kanumba hakikuwa cha Kanumba peke yake. Ni Kiingereza ambacho wengi wetu tunakiandika kwenye mitihani tukiomba Mungu msahihishaji awe na huruma. Tofauti ni kwamba sisi tunakiandika kwa namba ya mtahiniwa, yeye alikisema mbele ya kamera kwa jina lake kamili. Tulipomcheka tulikuwa tunajihakikishia kwamba sisi tuko upande wa pili wa mstari. Hii ndiyo kasumba, neno ambalo walimu wetu walilitumia sana na ambalo siku hizi tunaona limezeeka. Halijazeeka.

Wapo watakaosema: lakini nani alimlazimisha? Si angezungumza Kiswahili tu? Hoja hii ina uzito na hatuna haja ya kuikwepa. Ni kweli kwamba Kanumba mwenyewe alikitaka Kiingereza. Alikiweka kwenye anwani za filamu zake, kwenye jina la kampuni, hata kwenye lakabu ya "The Great". Aliamini, kama watayarishaji wengi wa wakati wake, kwamba jina la Kiingereza linaivusha kazi mpaka na kuipa hadhi. Katika hili alikuwa nyuma ya Penina Muhando, aliyekwishaamua miaka mingi kabla kwamba hadhi ya kazi ni kueleweka kwake. Lakini hebu tuwe waadilifu. Msomi anayehutubia kongamano la Kiswahili kwa Kiingereza amefanya kosa lilelile, na hakuna anayemwiga matamshi.

Sifa na kasoro

Mhakiki asiyeona kasoro si mhakiki, ni mpiga debe. Filamu za enzi ya Kanumba zina kasoro nyingi. Kisa kimoja kilikatwa vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Sehemu ya kwanza ikaishia mahali ambapo hakuna sababu ya kisanaa ya kuishia. Mandhari ni majumba ya kifahari na magari, hata pale ambapo mhusika hajulikani anafanya kazi gani. Muziki hutuambia tuhuzunike kabla hatujapewa sababu. Migogoro ya kijamii huishia kwenye mapenzi, na mapenzi huishia kwenye usaliti. Mvuvi wa Guta aliona kwenye skrini lugha yake, lakini hakuona kazi yake wala ufuko wake. Alikaribishwa ndani ya filamu kama msikilizaji, hakukaribishwa kama mhusika.

Pamoja na hayo, Kanumba alikuwa na kitu. Uigizaji wa vichekesho, uliokuwa na mabingwa kama Mzee Majuto na Mzee Small, ulimfundisha mtazamaji wetu kutarajia mwili mkubwa: kuanguka, kukodoa macho, kupayuka. Ni sanaa yenye heshima yake. Kanumba alielekea upande mwingine. Alizungumza taratibu, akaacha kimya kati ya sentensi, akaruhusu uso ufanye kazi. Alikuwa mwanamume aliyelia mbele ya kamera bila kufanya kilio kuwa kichekesho. Katika jamii nyingi za Mara, ambako kijana hufunzwa mapema kwamba machozi si ya mwanamume, jambo hilo lilijadiliwa bandani hadi baada ya filamu kwisha. Wapo waliosema analegeza vijana. Wapo walionyamaza kwanza, kisha wakaomba irudiwe.

Na katika mwaka wake wa mwisho ilitoka Ndoa Yangu (2012). Hatuwezi kujenga nadharia nzima juu ya anwani moja. Tunachoweza kusema ni kwamba pale Guta hakuna aliyehitaji mkalimani ili aitaje.

Kifo na kilichobaki

Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 2012. Alikuwa na miaka 28. Rais Jakaya Kikwete alifika msibani. Aliagwa viwanja vya Leaders tarehe 10 Aprili mbele ya umati wa maelfu, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwapo, akazikwa makaburi ya Kinondoni. Mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael alishtakiwa, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Hayo yamekwishaandikwa vya kutosha na makala haya hayana la kuongeza.

Lenye kuhitaji kuandikwa ni lile umati ule. Watu wale hawakuwa wakimzika mtu aliyewaaibisha. Wengi wao pengine hawakuwahi kujali alisema nini Afrika Kusini. Walikuwa wanamzika mtu aliyezungumza nao kwa lugha yao, sebuleni mwao na mabandani mwao. Kama umma umetoa uhakiki wake wa kazi ya msanii, siku ile ulitolewa. Wasomi tulikuwa tumeshatoa wetu mwaka 2009, na hukumu hizi mbili hazifanani.

Tatizo kubwa zaidi ni la kumbukumbu. Filamu za miaka ile ziliuzwa kwenye kanda na diski. Kanda zinaota ukungu, diski zinakwaruzika, na mashine za kuzichezea hazipo tena madukani. Mabanda mengi yamefungwa tangu simu za mkononi zilipoanza kuonyesha picha. Baadhi ya filamu zimenakiliwa na kusambaa ovyo, zikiwa zimekatwakatwa na bila majina ya walioshiriki. Tamthiliya ya mwaka 1969 naweza kuipata maktaba leo mchana. Mchezo wa televisheni wa mwaka 2002, ambao waigizaji wake waliutunga midomoni mwao, hauna mswada wa kuusoma.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Steven Kanumba ni sehemu halali ya historia ya sanaa za maonyesho nchini, na kwamba suala la lugha ndilo uti wa mgongo wa maisha hayo. Hatumfanyi malaika. Alikuwa msanii kijana aliyekuwa bado anajifunza, aliyefuata soko, aliyechagua vibaya mara nyingine na vizuri mara nyingine, na aliyeondoka kabla hajakomaa.

Tunalopendekeza halihitaji bajeti. Kila mwanafunzi wa fasihi anayekwenda likizo kijijini kwao achukue daftari, amtafute aliyekuwa na banda la video, aandike ni filamu zipi zilionyeshwa, nani aliketi wapi, watu walisema nini, na ni zipi zilirudiwa. Aulize kama kuna diski zilizobaki kwenye sanduku. Mwenye banda letu la Guta bado yupo. Siku hizi anauza vocha na kuchaji simu. Nilipomuuliza habari za Kanumba hakuanza na kifo. Alianza kwa kunihesabia filamu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akamwita mkewe amsaidie.